Mashua Isiyomtaka Unyoya

Mashua ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya stendi mbili za mbao, tumbo juu, kama mnyama anayengoja kukunwa. Unyoya alikuwa akiisugua tangu asubuhi. Mashine ya msasa ilikuwa imenguruma mikononi mwake mpaka vidole vikafa ganzi, na alipoizima, karakana yote ikanyamaza. Masikio yake tu ndiyo yaliyoendelea kunguruma.

Vumbi jeupe la faiba lilikuwa limetanda kila mahali: kwenye nywele, kwenye kope, kwenye kikombe cha chai alichokisahau dirishani. Lilitanda pia juu ya tumbo la mashua. Na karibu na tezi, pale nyuma ambako usukani utafungwa, palikuwa na alama ya mkono.

Ilikuwa ya kiganja kipana, kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwa nje. Kidole hicho alikijua. Kamba ya tanga ilikivunja msimu uliopita, na yeye ndiye aliyekifunga kwa kitambaa cha kufutia rangi, huku mwenye kidole akicheka na kuguna kwa pamoja. Alikuwa amesugua mashua nzima akiizunguka alama hiyo. Hakuamua kuiacha. Kila mashine ilipoikaribia, mikono yake iligeuka yenyewe.

Rubani, mwenye kidole hicho, alikuwa amekuja siku Unyoya alipokwenda dukani kununua misasa. Alikuja, akaishika mashua, akaenda. Hakuacha ujumbe, hakupiga simu, na tangu hapo hakuonekana.

Na Unyoya alijua kwa nini. Mashua yenyewe ilikuwa imemwambia.

Kwa misimu miwili walikuwa wakishindana pamoja ziwani, Rubani akishika usukani, yeye akining'inia nje kwenye waya, miguu ukingoni, mgongo juu ya maji, kuizuia mashua isilale upepo unapoisukuma. Nchi kavu Unyoya hakuwa na maneno. Akiulizwa jambo mbele za watu hutazama viatu vyake. Lakini pale kwenye waya hakuhitaji maneno. Rubani akigusa usukani, yeye alikuwa ameshakunja goti. Yeye akivuta pumzi, Rubani alikuwa ameshalegeza kamba. Hivyo ndivyo walivyopendana, mgongo kwa mgongo na upepo, kabla hata mmoja hajamwambia mwenzake neno.

Kisha Rubani akaagiza mashua mpya kwa baba yake Unyoya, na muda mfupi baadaye akaja na mjomba wake, wamevaa mashati ya pasi, kuzungumza habari za posa. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mashua iishe kwanza. Ikishaingia majini, tutazungumza."

Baba akajifungia na kazi. Mashua ilipotoka kwenye kalibu iliyoipa umbo, Unyoya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipitishia mkono, kama ilivyokuwa desturi yao. Akaanza omo, pale mbele, akaja nayo polepole mpaka tezi. Hapo hapo, katikati ya hatua, kitu ndani yake kikazimika.

Mashua yao ya zamani ilikuwa na tumbo la duara kama bakuli, nene mbele, imepinda kutoka omo hadi tezi kama miguu ya kiti cha kubembea. Mashua ya namna ile hukaa majini na kusamehe. Ukikosea, hukungoja. Ukitaka kugeuka, inazunguka papo hapo. Kosa lake ni moja: upepo ukiwa mkali haiwezi kutoka ndani ya wimbi lake yenyewe, inaliburuta kama mtu anayekimbia na gauni lililolowa.

Hii mpya ilikuwa kitu kingine kabisa. Omo yake nyembamba kama kisu. Chini imenyooka, haina mpindo. Nyuma bapa kama meza, na pale ubavu unapokutana na tumbo, kuna kona kali, ili maji yakatike yaende zake yasiing'ang'anie. Mashua kama hii haikai majini. Upepo ukija inapanda juu ya maji na kuteleza. Kasi hiyo, hakuna ubishi. Lakini kwa wembamba wake haina pa kujiegemeza, na ndiyo maana hutaka mtu mzito kwenye waya, mtu wa kuikandamiza ikae.

Na yeye jina lake lilikuwa Unyoya. Wenzake klabuni hawakumpa bure. Kwenye waya wa mashua hii angekuwa kama leso kwenye kamba ya nguo.

Basi Rubani alikuwa ametaka kasi, na katika kasi hiyo yeye hakuwa na nafasi. Aliungoja uchungu kama unavyomngoja mgeni aliyeahidi kufika. Haukuja. Akachukua msasa akaanza kusugua.

"Chai yako imeota ngozi."

Alikuwa Shangazi, dada yake Baba, anayeshona matanga chumba cha juu. Alishuka ngazi na kipande cha uzi kimening'inia mdomoni.

"Nitakunywa, Shangazi."

"Utakunywa ngozi?"

Shangazi aliizunguka mashua, akasimama tezi, akainama.

"Mbona hapa umeparuka? Au ndiyo pambo?"

"Nitapasugua."

"Lini? Kesho asubuhi inakwenda majaribioni."

"Kesho kabla haijaenda."

"Mkono mkubwa huu," Shangazi alisema, akiusogezea wake bila kuugusa. "Wa baba yako?"

"Shangazi."

"Nauliza tu. Au kuuliza nako kumekatazwa humu?"

"Alikuja, akaishika, akaondoka. Hakunisubiri."

"Na wewe ukampigia simu?"

"Nimwambie nini?"

"Umwambie haloo. Watu wengi huanzia hapo."

Unyoya alifuta uso kwa kiwiko, vumbi likahama shavuni likaenda puani. "Tanga lake umeshalikata?"

"Nimelikata, limeshashonwa. Kubwa hilo, sijawahi kushona kubwa hivyo kwa watu wawili. Baba yako alinipa vipimo, nikamuuliza kaka, una uhakika? Akaniambia nishone."

"Ni vipimo alivyotaka mteja."

"Mteja mimi sijamwona. Nimemwona kaka yangu tu." Shangazi akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Unalia?"

"Silii."

"Hapo ndipo unaponitisha. Ungelia ningejua la kufanya. Ningekupiga kofi, ningekukumbatia, tungemaliza. Lakini hivi ulivyo, mwanangu, ni kama nazungumza na stuli."

Alipanda ngazi akirudi kwenye cherehani yake. Unyoya akawasha mashine.

Jioni walikula yeye na Baba, mezani, taa ikiwa katikati yao. Baba hakuwa mtu wa maneno, na binti alirithi kwake. Mama alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima.

"Imekaaje mkononi?" Baba aliuliza.

"Imenyooka."

"Haina bonde?"

"Haina."

"Majaribio yakiisha tutaipaka rangi. Unaonaje nyeupe?"

"Nyeupe."

"Au bluu."

"Bluu."

Baba akaweka kijiko chini. "Nikisema nyeusi?"

"Nyeusi pia sawa, Baba."

Alitaka kusema kitu. Kisha akachukua kijiko tena, akala. "Ni kazi yangu bora," alisema, akiitazama sahani. Sauti yake haikuwa ya mtu anayejisifu.

Asubuhi Baba alitangulia klabuni kuchukua kigari cha kubebea mashua. Unyoya alikuwa anakunja misasa alipomsikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Rubani hakuwahi kupiga hodi katika karakana ile hata siku moja. Alikuwa na kawaida ya kuingia akiwa katikati ya sentensi.

"Karibu."

"Fundi yupo?"

"Amekwenda kuchukua kigari. Anarudi."

"Nimekuja kuichukua."

"Ipo."

Alisimama pale, mikono mifukoni. Alikuwa amekonda. Unyoya aliliona hilo kama anavyoona kuwa msumari umepinda. Zamani, sauti ya viatu vyake tu uani ilitosha kumfanya aangushe vitu. Leo mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Umepaacha," Rubani alisema.

"Wapi?"

"Hapo nyuma. Pana alama."

"Nilisahau."

"Hujawahi kusahau mahali kwenye mashua."

"Nimesahau leo." Akaweka misasa kwenye boksi, akalifunga. "Umeshampata?"

"Nani?"

"Wa kwenye waya."

Rubani alimkazia macho. "Kwani ninamtafuta?"

"Si lazima unifiche. Mashua inataka mtu mzito, wewe unajua na mimi najua." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. "Sina neno. Ningependa tu ungeniambia wewe, nisiambiwe na tumbo la mashua. Lakini sina neno."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Mikono ilitoka mifukoni. "Nikwambie mimi? Wewe ndiye uliyetaka iwe hivi!"

"Mimi?"

"Sasa nani? Anayeiunda ni baba yako, anayeipitishia mkono ni wewe. Haitoki humu ndani bila wewe kujua. Siku ile nilikuja na furaha zangu, nikaweka mkono hapo." Akaonyesha alama. "Nikasikia bapa. Nikasogea mbele, nikaona omo ilivyo nyembamba. Nikajiambia, basi, jibu ndilo hili. Mzee alisema mashua iishe kwanza. Imeisha. Na wewe si mtu wa kusema, nikajua umeona aibu kuniambia kwa mdomo, ukaniambia kwa faiba. Nilikaa nje pale kwenye ngazi mpaka miguu ikakataa kunyanyuka. Halafu nikaondoka."

"Lakini wewe ndiye uliyeiagiza."

"Niliagiza tumbo la duara! Nilimwambia Fundi, iwe nyepesi kidogo kuliko ile ya zamani, lakini mapana yale yale, mpindo ule ule. Nilimwambia kwa maneno yangu haya: nataka mashua ya kutuchukua sisi wawili tukiwa tumezeeka."

Cherehani ya juu ilikuwa imenyamaza.

Unyoya alisimama katikati ya vumbi lake. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapofurahi. Alijua hata namna inavyokuwa: magoti hulegea, uso huwaka. Alijipekua ndani kama mtu anayepapasa ukutani gizani kutafuta swichi. Aliipata, akaibonyeza, taa haikuwaka. Kuzimika kumbe ni rahisi kuliko kurudi.

"Sema kitu," Rubani alimwomba. "Hata tusi."

Nje magurudumu ya kigari yalisikika juu ya kokoto. Baba aliingia kinyumenyume akikivuta, akageuka, akawaona, akaelewa. Hakuwa mtu wa kueleweshwa mara mbili.

"Shikamoo, Mzee," Rubani alisema. Adabu ilitoka kwa shida.

"Marahaba."

"Baba," Unyoya aliuliza, "aliagiza nini?"

Baba akakishusha kigari taratibu. Akavua kofia. "Aliagiza duara."

"Na wewe ukaunda nini?"

"Niliunda mashua ya kasi. Nimeiunda vizuri kuliko zote nilizowahi kuunda. Akipata mtu wa kumfaa kwenye waya, hakuna wa kumshika ziwa zima."

"Uliunda mashua isiyonitaka."

Baba hakukana. Alivuta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Alionekana mdogo pale chini, magoti yamekaribia kidevu.

"Siku mlipopinduka," alisema, "mimi nilikuwa gatini. Tanga likakulalia juu. Waya ukakushika kiunoni. Huyu akazama, akaibuka peke yake. Akazama tena, akaibuka peke yake." Akaigeuza kofia mikononi. "Mpaka anaibuka na wewe, mimi nilikuwa nimeshakuzika. Nimeshamwambia na mama yako."

"Ningesema hapana, ungenichukia. Ningesema ndiyo, ningekaa gatini maisha yangu yote nahesabu vichwa. Nikaona mashua iseme badala yangu. Ikikutoa kwenye waya, hamtakuwa na pa kukutania. Nyinyi wawili hamjui kuzungumza nchi kavu. Si mmeona wenyewe? Kila mmoja ameshika tumbo la mashua, akatunga maneno ya mwenzake, akaenda kuyaamini kwao."

"Mzee, ungeniambia," Rubani alisema. "Ningekusikiliza."

"Ningekuambia umtoe kwenye waya, ungemtoa?"

Rubani alifungua mdomo. Akaufunga.

"Umeona," Baba alisema, wala hakusema kwa ushindi.

Unyoya alikuwa anamtazama Rubani. Hakumtazama machoni. Alimtazama mabegani, kifuani, unene wa mapaja, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Alimtazama muda mrefu hivi kwamba Rubani akajikagua shati.

"Wewe ni mzito," Unyoya akasema.

"Samahani?"

"Waya unataka mtu mzito, na mzito ni wewe." Hayakuwa maneno mengi, lakini kwake yalikuwa hotuba. "Mimi nitashika usukani."

Toka juu ya ngazi Shangazi akapiga kelele. Muda wote alikuwa amekaa pale na tanga mapajani. "Eeeh! Stuli imesema!"

"Usukani?" Rubani akaweka mkono kifuani. "Lakini mimi ndiye... Klabu nzima wananiita Rubani. Nikienda kuning'inia kwenye waya wataniita nani?"

"Mzigo," Shangazi alisema.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kitu kilitaka kucheka ndani ya Unyoya. Hakikuweza. Lakini kilitaka, naye alikisikia kinajaribu.

"Hujashika usukani tangu ukiwa mtoto," Baba alisema kwa ukali. Ulikuwa ukali wa mtu anayetafuta pa kushika.

"Ulinifundisha wewe."

"Kwenye kimashua cha kuchezea!"

"Baba. Anayekaa usukanini hafungwi waya."

Baba alimtazama binti yake, akaitazama mashua, omo hadi tezi, kama mtu anayepiga upya hesabu aliyoifunga zamani. Kisha akamtazama Rubani. Kijana alikuwa akitazama mkono wake wenye kidole kilichopinda, mkono ulioshika usukani tangu alipoanza kunyoa ndevu.

"Sawa," Rubani alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niite Mzigo."

Waliigeuza mashua wote wanne. Walipoinyanyua, Rubani akaiona alama yake, akatafuta kitambaa.

"Iache," Unyoya alisema. "Maji yataiondoa."

Ziwa lilikuwa na upepo wa kutosha, mawimbi mafupi yenye povu. Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mashua ile ikisimama tu ilikuwa inayumba kama mlevi anayetafuta funguo, na Unyoya aliubana mkono wa usukani kwa vidole visivyosikia kitu, kamba ya tanga mkono wa pili. Rubani alijifunga mshipi, akajinasa kwenye waya, akajitupa nje. Mashua ikakaa. Ikakaa sawasawa, kama iliyokuwa ikimngoja yeye.

Kwenda kinyume na upepo, omo ile nyembamba ilikata mawimbi bila kuyapiga. Ubaya ulikuwa kugeuka. Tumbo lililonyooka halikutaka. Unyoya alisukuma usukani kama alivyozoea kuona kwenye ile ya zamani, mashua ikaenda nusu, ikakwama uso kwa uso na upepo, tanga likipigapiga juu ya vichwa vyao.

"Sukuma zaidi!" Rubani alipiga kelele. "Sasa rudisha! Sio hivyo! Ungeanza mapema, ukalegeza kamba, halafu..."

"Nyamaza, Mzigo."

Akanyamaza. Alishangaa kuliko alivyokasirika.

Unyoya alifumba macho kidogo. Nyuma ya kope aliliona tumbo lile jinsi alivyolisugua, kila shubiri. Kona kali ile. Ukiiacha mashua ilale kidogo upande mmoja, itakanyagia kona, na kona imepinda kidogo kuliko chini. Itageuka kwa bega. Aliiacha ilale, kidogo tu, akasukuma usukani bila haraka. Mashua ikazunguka.

"Umeijuaje hiyo?" Rubani aliuliza, akihamia upande wa pili.

"Nimeisugua."

Kisha wakageuza kurudi, upepo ukiwa nyuma yao. Hapo mashua ikabadilika. Ilinyanyuka, ikapata kasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuionja, na mara omo ile kisu ikachoma mgongo wa wimbi la mbele na kuanza kuzama. Maji yalipanda juu ya sitaha, ya kijani, yakiwajia miguuni.

"Rudi nyuma!" Unyoya alipiga kelele.

Rubani akarudi hatua. Omo ikazidi kuchimba.

"Nyuma zaidi!"

"Nirudi wapi? Nyuma upo wewe!"

"Hapa hapa nilipo! Njoo!"

Rubani akaachia waya, akaruka ndani, akajibana pale tezi penye nafasi ya mtu mmoja. Bega lake likagonga bega la Unyoya, nyonga kwa nyonga, goti juu ya goti. Omo ikainuka. Maji yakatoka. Wote wawili wakiwa wamekaa nyuma kabisa, wamebanana kama nguo sandukuni, mashua ikapanda juu ya maji na kuanza kuteleza.

Rubani akajaribu kusogea kidogo, kwa adabu. Omo ikaanza kuzama.

"Usisogee," Unyoya alisema.

"Nisisogee?"

"Haitaki."

Basi hakusogea. Na pale, katika kasi ile, usukani ulianza kuimba. Ulikuwa mlio mwembamba, wa maji yanayokatika safi kwenye kona kali, ukapanda kwenye mti wa usukani, ukaingia kiganjani. Unyoya aliusikia kwenye kidole kimoja. Kisha kingine. Haukuja kama raha. Ulikuja kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokaliwa, sindano kwa sindano, ukapanda kiwiko, bega, shingo. Alitaka kuuachia usukani kwa maumivu. Akaukamata zaidi.

"Una nini?" Rubani alimwuliza karibu na sikio. "Unalia?"

"Maji ya ziwa."

"Ya ziwa yanatokea mbele. Hayo yanatokea wapi?"

Unyoya alimwegemea tu, kidogo, uzito wake wote mdogo ule, na mashua haikulalamika.

Baba alikuwa amesimama mwisho kabisa wa gati, kofia mkononi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Walipokaribia waliona alichokuwa akifanya: alikuwa anahesabu, anarudia kuhesabu, na kila mara anapata wawili. Nyuma yake Shangazi alipunga kitambaa kama mtu anayelaki meli.

Rubani alishuka ndani ya maji mpaka kiunoni, akaishika mashua. "Mzee," alisema akihema, "imeshaingia majini."

Baba aliinama, akapapasa omo iliyolowa. "Mlipokuwa mnarudi na upepo, haikuzamisha pua?"

"Ilizamisha."

"Mkafanyaje?"

"Tulikaa nyuma."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Mzee. Mmoja akitoka tu, inazama."

Baba akaitazama ile omo nyembamba aliyoichonga mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, ili iwatenganishe. Akatazama tezi, palivyo padogo. Shangazi akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa, akashindwa.

"Mwambie mjomba wako aje," Baba alisema. Akamnyooshea Unyoya mkono kumpandisha gatini. Binti akaupokea, kisha akavuta pumzi kwa ghafla na kukunja uso.

"Mikono inakuuma?"

"Inauma, Baba."

"Tangu lini?"

Unyoya alifungua kiganja chake chekundu, akakifunga, akakifungua tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

"Tangu sasa hivi," alisema.